Theluji Mpya juu ya Theluji Kuukuu

Wahenga walisema kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi, na katika kazi nyingi za wanadamu neno hilo ni kweli tupu. Mvuvi aliyevua kwa miaka 40 huyajua mawimbi kuliko kijana aliyeanza jana, na seremala mzee huutambua ubao mbovu kwa kuugusa tu. Lakini iko kazi moja ambayo ndani yake kuishi kwingi peke yake hakumtoshi mtu, na pengine humpoteza. Kazi hiyo ni kuutazama mteremko wa mlima baada ya theluji mpya kuanguka, na kuamua kama wapitika au utaporomoka. Mlima wa theluji ni mwalimu asiye mwaminifu. Mwanafunzi akikosea, humwacha apite mara ya kwanza, na ya 10, na ya 50, naye mwanafunzi huhesabu kupita kwake kuwa ni ushahidi wa ujuzi wake. Kisha siku moja humwadhibu kwa kosa lile lile alilomsamehe siku zote, na adhabu yenyewe mara nyingi haina marudio.

Insha hii yataka kueleza jinsi wanadamu walivyojifunza kuisoma hatari hiyo. Dai lake ni moja: elimu ya theluji haikutoka katika uzoefu wa mtu mmoja aliyeijua milima, bali ilitoka katika kumbukumbu za wengi zilizoandikwa, zikahesabiwa, zikalinganishwa. Ni elimu iliyozaliwa na historia, wala haiwezi kuishi bila historia.

Msomaji aweza kuuliza kwanza, theluji ina nini na lugha yetu? Lugha yetu inayo maneno yake, ijapokuwa yametoka ng'ambo. Theluji ni neno la Waarabu, na barafu ni neno la Waajemi, ambao kwao lina maana ya theluji yenyewe. Sisi tumelipa kazi ya kutaja maji yaliyoganda yakawa magumu. Na hapa kwetu palitokea mabishano mashuhuri juu ya theluji. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekaa Rabai, aliiona Kilimanjaro ikiwa na weupe kileleni. Kiongozi wake wa njia aliutaja weupe ule kwa neno moja tu, yaani baridi. Rebmann, aliyezaliwa katika nchi ya majira ya baridi, alitambua kuwa ni theluji. Habari zilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley alizikataa, kwa kuwa hazikuafikiana na vitabu vyake. Ukweli ulithibitika baada ya Karl Klaus von der Decken kuupanda mlima huo mwaka 1861 na tena 1862, akaangukiwa na theluji papo hapo. Katika kisa hicho limo fundisho litakalotufuata hadi mwisho wa insha hii: theluji huulizwa mahali ilipo, na ajibuye kwa niaba yake akiwa mbali hujibu kwa ubashiri.

Sasa tuiache Kilimanjaro, twende kwenye milima ya Alps huko Ulaya, ambako watu wameishi chini ya theluji kwa maelfu ya miaka, na ambako elimu tunayoisimulia ilianzia.

Mwandishi wa kale aliyetuachia habari iliyo wazi ni Polybius, Mgiriki aliyeishi karne ya 2 kabla ya Kristo. Alisimulia jinsi jemadari Hannibal alivyovuka Alps mwaka 218 kabla ya Kristo pamoja na majeshi na tembo wake. Polybius hakutosheka na masimulizi. Yeye mwenyewe alikwenda kuitazama milima ile. Aliandika kuwa katika kuteremka, askari walikuta theluji mpya imelala juu ya theluji kuukuu ya mwaka uliopita. Ile mpya ilikuwa laini, na miguu ilizama kwa urahisi. Lakini ilipoifikia ile ya chini, iliyokuwa ngumu, iliteleza, watu wakaanguka. Karne mbili hivi baadaye Strabo naye aliandika katika jiografia yake kuwa katika Alps theluji hugandamana tabaka juu ya tabaka, na yale ya juu huachana upesi na yale ya chini.

Basi siri kubwa ya maporomoko ilikwisha andikwa zamani hizo. Hatari ya theluji mpya haimo katika upya wake peke yake. Imo katika kitanda ilicholalia. Anayetazama juu huona shuka nyeupe isiyo na doa, wala haoni kama chini yake pana godoro imara au pana changarawe. Lakini kujua jambo si sawa na kuweza kulipima. Tangu Strabo hadi watu walipoanza kuyachimba na kuyapima matabaka hayo zilipita karne 19. Sababu ya kuchelewa huko ni nini?

Sababu moja ni kuwa wenyeji wa mabonde hawakuhitaji kupima. Wakati wa baridi hawakuwa na shughuli juu milimani. Walikaa chini, wakangoja majira yapite. Swali lao halikuwa "leo mteremko u hali gani?" bali "nyumba tuijenge wapi?" Swali hilo walilijibu kwa hekima kubwa, na jibu lao lilikuwa ni kumbukumbu. Mahali palipowahi kuporomokewa hapakujengwa, na msitu uliokinga kijiji haukuguswa. Huko Andermatt nchini Uswisi iko hati ya mwaka 1397 inayokataza kuukata msitu ulio juu ya kijiji, na msitu huo umetunzwa hata leo. Na katika kanisa la Frauenkirch karibu na Davos, ukuta unaotazama mlima ulijengwa kwa ncha kama omo ya jahazi, ili theluji ikija iachane pande mbili kama maji yaachanavyo mbele ya chombo.

Hekima hiyo ilipata mwandishi wake katika karne ya 19. Johann Coaz alikuwa mpimaji ardhi, mpanda milima, na hatimaye mkuu wa misitu wa serikali ya Uswisi. Mwaka 1850 alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kufika kilele cha Piz Bernina. Mwaka 1881 alichapisha kitabu juu ya maporomoko ya theluji katika Alps za Uswisi, akayapanga kwa aina, akaeleza njia zake na namna ya kuyazuia kwa kuta na miti. Faida ya kazi ya Coaz haikuwa maelezo yake peke yake, bali mwenendo aliouanzisha. Maafisa wa misitu waliandika kila poromoko waliloliona, mahali pake, siku yake, na hasara yake. Hapo ndipo kumbukumbu za kijiji zilipogeuka kuwa kumbukumbu za nchi.

Lakini swali la Coaz lilikuwa bado ni la mahali. Swali la siku na saa lilizuka pale watu walipoanza kwenda milimani wakati wa baridi kwa hiari yao. Mbao ndefu za kutelezea, ziitwazo ski, ziliingia Alps kutoka Norway mwishoni mwa karne ya 19. Januari 1897 Mjerumani Wilhelm Paulcke na wenzake walivuka kwa mbao hizo nchi ya juu ya Bern, iliyojaa barafu. Tangu wakati huo poromoko halikuwa tena jambo linalomfuata mtu nyumbani kwake. Mtu ndiye aliyelifuata lilikolala, akaliamsha. Hesabu za siku hizi zaonyesha kuwa katika ajali za watembezi wa milimani, karibu mara 9 katika 10 kinachoangusha theluji ni mtu mwenyewe aliyefukiwa au mwenzake katika safari.

Baada ya starehe ilikuja vita. Katika miaka ya 1915 hadi 1918 majeshi ya Austria na Italia yalikaa juu ya milima wakati wote wa baridi, mahali ambapo hakuna mwanakijiji angalilala usiku mmoja. Desemba 1916 theluji ilianguka kwa siku nyingi mfululizo. Tarehe 13 ya mwezi huo poromoko liliifunika kambi ya Waaustria kwenye mlima wa Marmolada, likaua askari wapatao 270. Katika majuma yale waliokufa kwa theluji pande zote mbili wahesabiwa kwa maelfu. Kambi ile ilikuwa imewekwa mahali palipofichika na mizinga ya adui. Waliopachagua walipima hatari moja kwa uangalifu mkubwa, wakaacha kuipima nyingine.

Paulcke, aliyekuwa profesa wa jiolojia, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitazama theluji kama mwanajiolojia atazamavyo mwamba. Alichimba, akatazama matabaka, akaona kuwa chini ya theluji iliyoshikamana huenda pakawa na punje kubwa zisizoshikana, mfano wa sukari ya chengachenga. Kisha Waswisi wakaifanya kazi hiyo kuwa ya taifa. Mwaka 1931 iliundwa tume ya uchunguzi wa theluji na maporomoko, na katikati ya miaka ya 1930 wachunguzi wakaenda Davos. Mwaka 1936 walikuwa wakifanya kazi juu ya Weissfluhjoch, kwenye kimo cha mita 2,660 hivi, ndani ya kibanda kilichojengwa kwa theluji yenyewe. Mmoja wao, Henri Bader, alikuwa mtaalamu wa madini. Mwingine, Robert Haefeli, mhandisi wa udongo. Haefeli alibuni fimbo ya chuma inayopigiliwa kwa uzito unaoangushwa juu yake. Kwa kuhesabu mapigo na kina alijua kila tabaka lina ugumu gani. Mwaka 1939 wachunguzi hao walitoa kitabu juu ya theluji na mageuzi yake, na katika miaka ya vita vilivyofuata taasisi ya kudumu ilijengwa mahali pale.

Neno hilo, mageuzi, ndilo kiini cha ugunduzi wao, na yafaa tulieleze. Theluji ikiisha kuanguka haitulii. Ardhi iliyo chini yake hukaa karibu na nyuzi 0, lakini hewa ya juu yaweza kuwa na baridi kali mno. Kama theluji ni haba na usiku hauna mawingu, tofauti hiyo ya joto husukuma mvuke kutoka chini kwenda juu kati ya punje, na punje hugeuka zikawa kubwa, zenye pembe, zisizoshikana. Hapo tabaka la chini huwa kama mchanga mkavu. Kadhalika usiku mtulivu huotesha juu ya theluji majani membamba ya umande ulioganda, yenye kung'aa sana. Ni pambo la kupendeza likiwa juu. Likifunikwa na theluji mpya huwa ni mtego. Twaona basi kuwa majira yenye theluji chache yaweza kuwa ya hatari kuliko majira yenye theluji nyingi, na asubuhi njema ya leo yaweza kuandaa msiba wa juma lijalo.

Juu ya tabaka dhaifu namna hiyo, theluji mpya hujipanga kuwa bamba. Fundi mkuu wa bamba ni upepo. Mabaharia wetu huuita upande upokeao upepo joshini, na upande uliokingwa nao demani. Mlimani upepo huikwangua theluji ya joshini ukaipeleka demani, ikarundikana huko mara kadhaa kuliko ilivyoanguka kutoka mbinguni, nayo ikivunjikavunjika njiani hushikamana ilalapo. Bamba hilo likikanyagwa, tabaka la chini huvunjika mahali pamoja, na ufa hukimbia chini kwa chini kupita upana wote wa mteremko kabla mtu hajatambua. Tofauti yake na theluji isiyoshikamana ni kubwa. Hii ya pili huanzia nukta moja, ikapanuka ikiteremka. Bamba huondoka lote kwa pamoja, na aliyeliamsha huwa amesimama katikati yake.

Mwaka 1945 taasisi ya Davos ilichukua kutoka jeshini kazi ya kuwatangazia watu hali ya theluji. Miaka 6 baadaye ilipata mtihani mkubwa. Katika majira ya baridi ya 1950 na 1951 theluji ilimwagika kwa wingi usio wa kawaida, kwanza Januari na tena Februari. Uswisi walikufa watu 98, na kijiji cha Vals peke yake kilipoteza 19 tarehe 20 Januari. Austria walikufa zaidi ya 130. Mmarekani Edward LaChapelle alikuwa akisoma Davos majira hayo hayo. Mwaka uliofuata alikwenda Alta, katika jimbo la Utah, akapeleka huko elimu aliyoiokota.

Alta alimkuta Montgomery Atwater, aliyekuwa askari wa jeshi la milimani la Marekani katika Vita Vikuu vya Pili. Kazi yake ilikuwa kuwakinga watelezaji wasifukiwe, na hakuwa na nafasi ya kungoja nadharia. Atwater alitazama dhoruba moja baada ya nyingine, akaandika, akaangusha miteremko kwa baruti ili aone ipi ilikuwa tayari kuanguka. Yeye na mwenzake Felix Koziol walitoa mwaka 1952 kitabu cha mwongozo kilichotaja mambo 10 ya kupimwa: kina cha theluji kuukuu na hali ya uso wake, kina cha ile mpya, aina yake, na uzito wake, upesi wa kuanguka kwake na wingi wa maji yaliyomo, kujikaza kwake, upepo, na joto. Mwendo wa joto wastahili kuelezwa. Dhoruba ikianza na baridi ikaisha na joto, theluji nyepesi hulala chini na nzito juu, mfano wa nyumba iliyojengwa kichwa chini. Ikianza na joto ikaisha na baridi, mpangilio huwa salama zaidi.

Katika mambo yote hayo, mtu wa kawaida huuliza moja tu: imeanguka kiasi gani? Mswisi Werner Munter, kiongozi wa wapanda milima, alionyesha kuwa swali hilo halina jibu bila yale mengine. Kwa kipimo chake, pakiwa na upepo mkali, baridi kali, au uso wa kuukuu ulio laini na wenye umande ulioganda, sentimita 10 hadi 20 za theluji mpya zatosha kuleta hatari. Hali zikiwa za kuchanganyika, huhitajika 20 hadi 30. Na hali zikiwa njema, 30 hadi 50. Kiasi kile kile cha theluji, basi, huweza kuwa mchezo leo na mauti kesho.

Mlima wenyewe hutoa ishara, nazo zafaa kuaminiwa kuliko hesabu yoyote. Poromoko jipya kwenye mteremko unaofanana na wako ni ishara ya kwanza. Ufa unaokimbia mbele ya mguu wako ni ya pili. Ya tatu ni mshindo mzito wa chini kwa chini, theluji inaposhuka ghafula kidogo kwa kuwa tabaka dhaifu limevunjika. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hapa mshindo ndio onyo, na kimya si dhamana. Zaidi ya ishara hizo watu huchimba shimo, wakakata nguzo ya theluji na kuipigapiga kwa sepetu ili waone tabaka gani litaachia. Kipimo kimoja kilichobuniwa mwaka 2006 na Ron Simenhois pamoja na Karl Birkeland hutazama kama ufa ukianza utaenea nguzo nzima au utaishia ulipozaliwa. Swali hilo la kuenea ndilo linalotofautisha theluji inayokwaruzika na theluji inayoua.

Lakini shimo lina mpaka wake, na Munter alikuwa miongoni mwa waliosema hivyo kwa nguvu. Mteremko mmoja hauna theluji ya namna moja. Hatua 10 kutoka shimoni pengine tabaka dhaifu li karibu zaidi na uso, na jibu jema la shimo moja ni ushuhuda wa mahali pamoja tu. Shimo laweza kumwambia mtu asiende. Haliwezi peke yake kumwambia aende. Kwa hiyo katika miaka ya 1990 Munter aliitoa hukumu mikononi mwa jicho la mtaalamu akaitia katika kanuni zilizotokana na hesabu ya ajali. Mwaka 1993 nchi za Ulaya zilikuwa zimepatana kutumia kipimo kimoja chenye daraja 5 za hatari, kuanzia ndogo hadi kubwa mno. Kanuni nyepesi ya Munter huunganisha daraja hizo na ukali wa mteremko: hatari ikiwa ya daraja la 2, usipite penye nyuzi 40 au zaidi, ikiwa ya 3, usipite penye 35 au zaidi, ikiwa ya 4, usipite penye 30 au zaidi. Mabamba hayaondoki kwa kawaida chini ya nyuzi 30, na kipimo cha nyuzi hakihitaji ubashiri.

Kanuni hizo zilipingwa. Wako waliosema kuwa zinamfanya mtu mtumwa wa jedwali, na kuwa mjuzi wa kweli hutazama theluji yenyewe. Hoja yao ina uzito, kwa maana wakati mwingine jedwali hukataza mteremko ulio salama, na wakati mwingine huruhusu usio salama. Lakini mimi naona kuwa wapinzani wanasahau tabia ya mwalimu tuliyemtaja mwanzo. Mjuzi hupata ujuzi kwa kusahihishwa, na mlima hausahihishi ila kwa nadra. Ajali za maelfu ya watu zilizoandikwa tangu siku za Coaz zimeona mengi kuliko jicho la mtu yeyote mmoja. Jedwali si mtu mwenye akili, lakini ni kumbukumbu ya watu wengi, na wengi wao hawakurudi kusimulia.

Jambo hilo lilithibitishwa upande mwingine. Mmarekani Ian McCammon alikusanya ajali 715 za watembezi wa Marekani zilizotokea kati ya mwaka 1972 na 2003, akauliza si theluji ilikuwaje bali watu walikuwaje. Aliona kuwa ishara za hatari mara nyingi zilikuwa wazi mbele yao. Kilichowaponza kilikuwa ni kuzoea mahali, kutaka kukubaliwa na wenzao, kung'ang'ania shabaha waliyoiweka, kumfuata aliyeonekana mjuzi, kuvutwa na nyayo za waliotangulia, na kuwania theluji isiyokanyagwa kabla wengine hawajaifikia. Kwa habari ya kuzoea alipata jambo la kusikitisha: hata waliofunzwa juu ya maporomoko walipunguza tahadhari katika miteremko waliyoijua. Wahenga wetu walisema kutangulia si kufika, nao hawakuwa na theluji akilini; lakini asubuhi ya kwanza yenye jua baada ya dhoruba, watu wanapokimbilia mteremko mweupe, neno hilo lafaa kuandikwa mlangoni pa kila kibanda cha mlimani.

Kwamba daraja si neno la mwisho, hesabu zatuonyesha. Nchini Uswisi karibu nusu ya wanaokufa kwa maporomoko hufa siku za daraja la 3. Daraja la 4 na la 5 huwatisha watu wakakaa nyumbani. La 3 liko katikati, nao hulisoma kama ruhusa yenye onyo dogo. Wala ramani nazo si neno la mwisho. Tarehe 23 Februari 1999 poromoko liliingia kijiji cha Galtür nchini Austria, likaua watu 31, baadhi yao mahali palipohesabiwa kuwa salama. Kumbukumbu za watu zilikuwa hazijawahi kuona theluji kiasi kile. Historia ni mwalimu bora kuliko mlima, lakini nayo haijamaliza kufundisha.

Na kwa aliyekwisha fukiwa, nafasi ni ndogo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1994 juu ya watu waliofukiwa nchini Uswisi ulionyesha kuwa katika dakika 15 za kwanza walio hai walikuwa 92 katika 100, na kufikia dakika 35 walibaki 30. Uchunguzi wa baadaye umeifupisha nafasi hiyo njema ikawa dakika 10 hivi. Msaada wa kutoka bondeni kwa kawaida hauwezi kufika ndani ya muda huo. Mwokozi ni mwenzako aliye karibu, mwenye chombo cha kunasa ishara za redio, fimbo ya kuchomea, na sepetu. Ndiyo maana hupita mmoja mmoja penye shaka, ili pawepo anayebaki juu ya theluji.

Yako maneno mawili ambayo elimu hii huyajibu. La kwanza ni ajali haina kinga. Kwa poromoko linaloshukia nyumba iliyojengwa karne 3 bila kuguswa, neno hilo ni faraja. Kwa mtu aendaye kulikanyaga bamba, si faraja bali ni udhuru, kwa kuwa anayeamsha ajali yake kwa miguu yake mwenyewe alikuwa na kinga mpaka hatua ya mwisho. La pili ni lile la kuishi kwingi. Tumeona kuwa mtu aweza kuishi kwingi milimani na kuona mengi, na yote aliyoyaona yakawa ni miteremko iliyomsamehe.

Anayegeuka na kurudi hapati ushahidi wowote kwamba alifanya vyema. Mteremko alioukataa hukaa pale pale, mweupe na mtulivu. Pengine wengine huupita mchana huo huo, wakamcheka. Hukumu yake haina shahidi ila zile kumbukumbu za watu asiowajua, zilizokusanywa na maafisa wa misitu, maprofesa, na askari waliochimba mashimo katika baridi kali. Kuziamini kumbukumbu hizo kuliko macho yake mwenyewe, siku ambayo macho yanaona uzuri mtupu, ndiko kuijua theluji.